Nyumba ya Mita Mbili

Kinyozi alikuwa na watoto watatu, na aliyekuwa akizungumza naye zaidi ya wote ni yule asiyesikia.

Wanawe wawili wa kiume alikaa nao uwanja mmoja, masikio yao mazima na ndimi zao nzima, lakini siku nyingi jua lilikuchwa bila yeyote kati yao kumwambia baba yake zaidi ya "umeamkaje" na "chakula kipo". Binti yake, kitinda mimba, alikuwa mji wa mbali akifanya kazi katika kiwanda cha maboksi. Huyo kila Jumapili alasiri alitokea kwenye kioo cha tableti akamwaga habari za wiki nzima kwa mikono miwili, kasi kama anayepepeta nafaka. Aliitwa Jicho. Jina hilo alipewa na baba yake ili kulifukuza lile jingine ambalo majirani walilipenda, la Bubu. Kinyozi hakutaka kulisikia. Enzi za kazi yake aliwahi kumwacha mteja kitini na kichwa kilichonyolewa upande mmoja tu, kwa sababu ya neno hilo.

Mama yao alifariki Jicho akiwa mdogo. Kinyozi akajifunza lugha ya ishara kutoka kwa mtoto mwenyewe, neno kwa neno, kadiri alivyokuwa akiileta kutoka shule ya viziwi. Kaka zake walijifunza "njoo", "kula" na "acha", wakaona yanatosha.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ndefu kama treni, kuta zake nene. Mbele alikaa mkubwa, kifungua mimba, aliyekuwa karani wa ofisi na ambaye kila mtu alimwita Karani hata mkewe. Nyuma alikaa mdogo wake, Fundi Friji, ambaye hakuwa ameoa na aliyegeuza baraza la nyuma kuwa karakana. Chumba cha mzee kilikuwa huko nyuma, kikipakana na mafriji. Intaneti ilikuwa mbele, sebuleni kwa Karani, na zile kuta ziliimeza yote kabla haijafika kwa mzee. Mwanzoni picha ya Jicho ilikuwa ikiganda kila mara, mkono juu, sentensi nusu. Mtu anayesikia akikatwa maneno huweza kubahatisha yaliyosalia. Mkono ulioganda hewani hausemi kitu.

Fundi Friji ndiye aliyepata dawa. Siku moja alikuja na vidude viwili vyeupe, kila kimoja na meno yake ya kuchomeka kwenye soketi.

"Baba, hiki nakichomeka kwa kaka, nakiunga na ruta kwa waya mfupi. Hiki kingine kinakaa humu kwako. Intaneti inapita ndani ya nyaya za umeme, humu humu ukutani."

"Haitapigwa shoti?"

"Nani?"

"Hiyo intaneti."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Akabonyeza kitufe cha hiki, akakimbia mbele kubonyeza cha kile, akarudi akihema. Vitaa vikawaka kijani.

"Wametambuana," akasema.

"Kama mapacha," akasema mzee, na tangu hapo vikaitwa Mapacha.

Masharti yalikuwa machache. Pacha achomekwe ukutani moja kwa moja, asichangie soketi na kitu kingine, maana umeme wenye makelele humvuruga. Kwa kuwa hakuna chenye makelele kama friji bovu linalojaribu kuwaka, Fundi alizima mafriji yote kila Jumapili alasiri, bila kuambiwa, akakaa nje akisubiri baba na dada yake wamalize. Kwa kitambo kirefu mambo yakawa shwari. Kinyozi aliisimamisha tableti kwenye bati la majani ya chai, akaongea kwa mikono yake yote miwili, na Jicho akamjibu bila kuganda.

Sasa, nyumba nzima ilikuwa na mita moja ya umeme, ile ya kununua kabla ya kutumia. Umeme ulipoisha ghafla, kila ndugu aliangalia upande wa mwenzake.

"Wewe unagandisha barafu ya mji mzima kwa umeme wangu!" Karani alisema.

"Na lile jiko lako la umeme? Linanipikia mimi?"

Maneno huzaa maneno. Siku ya kwanza walitajana mafriji na majiko, ya pili akaingizwa shemeji, na ya tatu akatajwa marehemu mama yao, kwamba alimpenda nani zaidi. Walipofika hapo hapakuwa na njia ya kurudi. Karani akasema atawaita watu wa umeme waje kufunga mita ya pili na kuikata nyumba, mbele kwake na nyuma kwa mdogo wake. Fundi akasema, "Leo kabla ya kesho."

Walimwendea baba yao kwa adabu, wote wawili, wakasimama mlangoni. "Baba, unasemaje?"

Kinyozi alitaka kusema hapana. Lakini aliona akilisema atamwangusha mmoja mbele ya mwingine, basi akalizungushia adabu. "Nyumba ni yenu. Mimi ni wa kupita."

Aliamini wanawe wataelewa kwamba amekataa. Wao wakaelewa kwamba amekubali, wakaondoka.

Mafundi wa umeme walishinda kutwa wakitoboa na kuvuta nyaya. Walipoondoka, kitaa cha pacha wa chumbani kilikuwa chekundu. Kinyozi akabonyeza kitufe, akangoja, akabonyeza tena. Akamchomoa, akampangusa vumbi kwa kanga ya marehemu mkewe, akamrudisha. Chekundu.

Fundi Friji aliangalia, akashusha pumzi. "Nyaya zimetenganishwa, baba. Pacha wa kaka yuko kwenye mita ya kaka, wako yuko kwenye yangu. Hawaonani tena."

"Si uwaunganishe?"

"Wapitie wapi? Mwambie kaka arudishe nyumba ilivyokuwa."

Kinyozi akaenda mbele. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimketisha, akamwagizia chai. "Baba, mimi sijakufungia mlango. Jumapili njoo hapa sebuleni, ruta hii hapa. Uzungumze na dada mpaka uchoke."

Ilikuwa kweli. Jumapili akaenda. Akaisimamisha tableti kwenye chombo cha maua, wajukuu wakiwa mbele ya televisheni, mkwewe akipitapita, na Karani amesimama nyuma ya kiti chake kama askari magereza. Jicho alipotokea, kwanza alitazama huku na huku.

"Mbona uko kwa kaka mkubwa?"

Kabla mzee hajanyanyua mkono, Karani akainama begani kwake. "Mwambie, baba. Mwambie alivyonifanyia yule. Asije akasikia ya upande mmoja."

Jicho aliona uso wa kaka yake, na uso huo ulitosha. Hawakuzungumza la maana siku hiyo. Walitajiana hali ya hewa.

Kinyozi aliporudi nyuma, Fundi alikuwa ameshakula peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sahani ya mzee ilikuwa imefunikwa mezani. "Kule sebuleni kuzuri, eh? Makochi laini," Fundi akasema, akaenda kulala.

Basi Jumapili iliyofuata mzee hakwenda mbele. Alijiambia atakwenda wiki ijayo, wakishapoa. Wiki hiyo ikafika, hawajapoa. Akamwandikia binti yake ujumbe kwamba mtandao una shida, avumilie. Jicho naye akajibu kwa maandishi, lakini maandishi yake yalikuwa kitu kingine kabisa. Yule anayeweza kukuchekesha mpaka machozi kwa vidole vyake, kwenye karatasi alikuwa mgeni anayekokota maneno. Aliandika, "Sawa baba. Mimi kazi nyingi. Wewe kula."

Kisha, asubuhi moja ya Jumamosi, ukaja huu: "Baba. Mashine kata mkono. Hospitali. Usiogope mimi."

Kinyozi aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi. Mkono upi? Umekatwa kwa kuchanwa au kwa kuondolewa? Na "usiogope mimi", je, alikuwa anamwambia asiwe na hofu, au asimwogope atakapomwona? Vidole vyake vikabonyeza namba, akaweka simu sikioni, ikaita. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Hapo ndipo akili ilipomrudia kwamba anampigia simu kiziwi.

Akaenda mbele mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu. Mlango ulikuwa na kufuli. Karani, mkewe na watoto walikuwa wameondoka alfajiri kwenda mazishini, ukweni kwake, safari ya mbali. Akampigia.

"Tutarudi kesho, baba. Kuna nini?"

Akamwambia. Nyuma ya Karani zilisikika sauti za watu wanaolia mtu wao.

"Ufunguo tunao sisi," Karani akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Barabarani kulikuwa na mtandao wa simu, wa kubahatisha. Kinyozi akasimama kwenye ukingo wa mtaro na simu mkononi. Picha ikaja vipande vipande: dari, kitambaa cheupe, kidevu cha mwanawe, dari tena. Alitaka kumuuliza, lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika simu, na swali lenyewe lilihitaji mikono miwili. Akaiegemeza simu kwenye ukuta wa jirani, akarudi nyuma hatua chache ili aonekane, akaanza kuongea. Simu ikateleza ikalala kifudifudi. Akaiinua, akaiegemeza tena. Wapita njia wakaanza kusimama.

"Mzee, unamwita nani?" mmoja akamuuliza, akiangalia huku na kule.

Akaisogelea simu. Kiooni uso wa Jicho ulikuwa umeganda, macho nusu yamefumba, na haukuganduka tena.

Fundi Friji alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake. Akaichukua simu, akausoma ule ujumbe, kisha akajikalia juu ya friji lililolazwa ubavu.

"Mkono," akasema. "Yaani mkono hasa!"

Kisha akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Baba! Soketi ya baraza la mbele! Ile ya nje, ya kaka! Iko kwenye mita yake!"

"Sasa?"

"Navuta waya kutoka pale, napita uani, naingizia dirishani kwako. Pacha wako nampachika kwenye waya huo. Si ukutani moja kwa moja, lakini atakuwa peke yake, kwenye umeme wa kaka. Wataonana!"

Akatafuta ekstensheni mbili za karakana, akaziunga, akazitandaza uani kama mtu anayetega nyoka. Kinyozi aliishika tableti kifuani. Fundi akachomeka kule, akaja mbio, akamchomeka pacha. Kitaa cha umeme kikawaka. Wote wawili wakainamia kile cha pili, wakisubiri kiwe kijani.

Kilibaki chekundu.

Fundi akambonyeza. Akamzima, akamwasha. Akabadilisha ekstensheni. Kisha akageuka, akaenda mbele polepole, baba yake nyuma yake. Wakachungulia kwenye dirisha la sebule, wamekinga macho kwa viganja. Kila kitu kilionekana vizuri. Televisheni imechomolewa. Ruta imechomolewa. Na pacha wa pili alikuwa amelazwa kwenye zulia, meno yake juu, kwa maana mke wa Karani hakuwahi kusafiri bila kuchomoa kila kitu ndani ya nyumba kwa kuogopa moto.

"Nivunje kioo," Fundi akasema.

Kinyozi alitamani kumwambia vunja. Lakini nyuma ya kioo kulikuwa na nondo, nene kama vidole gumba. Hata kikivunjika, pangepita mkono tu, na mkono usingefika kwenye zulia. Fundi akazishika zile nondo akazitikisa. Akaendelea kuzitikisa muda mrefu baada ya kujua kwamba haziendi popote, na baba yake akamwacha.

Karani alirudi kesho yake alasiri, vumbi la safari usoni. Hakungoja hata mizigo ishuke. Alifungua mlango, akachomeka ruta kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea baba yake kiti. "Kaa, baba, kaa." Watoto wakatolewa nje. Fundi Friji alibaki mlangoni, vidole vya miguu kwenye mstari wa kizingiti.

Jicho akatokea. Alikuwa kitandani, na mwenzake wa kazini alikuwa amemshikia simu. Mkono wa kulia ulikuwa fungu la bandeji, mkubwa kama boga. Akainua wa kushoto.

Kila mtu wa ishara ana mkono wake mkuu, na wa Jicho ulikuwa wa kulia. Kwa kushoto alisema kama mwenye kigugumizi: anaanza neno, linamponyoka, analirudia. Lakini Kinyozi alimfuata vizuri. Miaka ile ya kinyozini, mtoto alikuwa akikaa nyuma yake kwenye benchi na kumsimulia mambo ya shule wakati yeye ananyoa, naye alimsoma kupitia kioo cha ukutani, kushoto kuwa kulia na kulia kuwa kushoto. Alimsoma hivyo sasa. Mashine ya kukatia maboksi ilikuwa imekwama. Aliingiza mkono kuichokonoa. Mtu aliyeiwasha alipiga kelele kumwonya.

"Alipiga kelele," Jicho akarudia, na akatabasamu kidogo.

"Anasema nini, baba?" Karani akauliza.

"Vidole viwili havipo. Cha tatu bado hawajui."

Karani akakaa chini, sakafuni, na suti yake ya mazishini. Fundi akavuka kizingiti na viatu vyake vyenye mafuta, akapita juu ya zulia, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Hakuna aliyesema kitu kuhusu viatu.

Kinyozi alimuuliza binti yake kuhusu kiwanda. Mkubwa mmoja alikuja na matunda, Jicho akasema, na aliongea sana, lakini muda wote aliongea akimtazama nesi, kwa hiyo midomo yake hakuisoma. Labda alisema watamlipa. Labda alisema pole.

Hapo Kinyozi akatoa neno alilokuwa nalo kifuani tangu jana. Lina ishara nyepesi, hata mtoto anaiweza. "Rudi nyumbani."

Jicho aliacha kumtazama baba yake, macho yakapanda juu ya bega lake kwa kaka mmoja, kisha yakashuka kwa mwingine sakafuni. Kisha mkono wa kushoto ukaanza, taratibu, ili asikosee.

"Nyumba ipi? Nikija, nitalala upande wa nani?"

"Anasema nini?" akauliza Karani.

"Baba, anasema nini?" akauliza Fundi.

Kinyozi alifungua mdomo. Alikuwa amewatafsiria watu maneno ya Jicho tangu utoto wake, hospitalini, shuleni, sokoni, na hakuwahi kuongeza wala kupunguza.

"Anawasalimu," akasema.

Akasahau kwamba Jicho anasoma midomo. Alipotazama kiooni, binti yake alikuwa ameushusha mkono, anamtazama tu.

Mita hazikuunganishwa. Waya ule wa uani ndio uliobaki. Karani alipita kwa mzee akasema, "Mwambie huyo auchimbie chini, watoto watajikwaa," na Fundi akauingiza ndani ya bomba la plastiki, akauchimbia. Mapacha wakaonana tena, kitaa kijani, kwa umeme wa Karani, dirishani kwa baba. Jumapili alasiri mafriji yalizimwa kama zamani. Ndugu hao wawili waliendelea kupitishana uani kama wapangaji.

Kisha kila mmoja, kwa wakati wake, akamjia mzee chumbani na kufunga mlango.

"Baba, mwambie dada aje," alisema Karani. "Watoto watabanana chumba kimoja, chao kingine atachukua yeye. Lakini aje upande wangu. Huko nyuma si pa kukaa mgonjwa, mafuta na kelele tupu."

"Kelele gani, baba, na yeye hasikii?" alisema Fundi. "Aje kwangu. Nitalala karakana, yeye achukue chumba. Kwa kaka atageuzwa yaya."

"Haiwezekani akakaa tu?" Kinyozi akamuuliza kila mmoja. "Akala huku, akalala kule?"

Kila mmoja alisema, kwa heshima zote, kwamba hilo ni gumu.

Jumapili mzee akamweleza Jicho yote mawili, hakuficha. Bandeji ilikuwa imetolewa. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu, kimoja hakikunjiki. Alianza kuutumia tena, akiusaidia kwa kushoto, na maneno yalitoka yakiwa yamemeguka pembeni. Alicheka alipoelezwa ile ya kelele.

"Waambie asante wote wawili," akasema. "Nitabaki huku. Rafiki yangu ananikaribisha."

"Mpaka lini?"

Jicho akamjibu. Lilikuwa neno moja fupi, la mkono wa kulia, lililohitaji vile vidole viwili. Kinyozi hakulielewa. Akaomba arudie. Jicho akarudia, polepole, ameusogeza mkono karibu na kioo mpaka makovu yakaonekana. Picha haikuganda. Taa ilikuwa kijani, mafriji yalikuwa kimya, mtandao ulikuwa safi kuliko siku zote. Akarudia mara nyingine, nyusi zimepanda, akimsubiri baba yake.

Kinyozi akaitikia kwa kichwa, kama aliyeelewa.